Kulizunguka Zizi la Mzee Nyamhanga

Mdomo huponza kichwa, na changu kiliponzewa Sirari, kwenye harusi ya binamu yangu, nikiwa nimeshiba na nimezungukwa na watu wanaonisikiliza. Mambo hayo mawili yakikutana, sijui kujizuia. Chacha, kaka wa mchumba wangu Bhoke, aliniuliza ni kitu gani hasa ninachowafundisha watoto kule Machochwe. Ningejibu fizikia na kuendelea na nyama yangu, leo nisingekuwa na safari ya kusimulia. Badala yake nikamweleza habari niliyoipenda tangu chuoni: kwamba huko ng'ambo kuna mashine ambazo ni bomba refu lililopindwa mpaka kichwa chake kikakutana na mkia, na ndani yake huzungushwa chembe zenye chaji ya umeme, ndogo kiasi kwamba punje ya vumbi kwao ni mlima. Zinakimbia karibu sawa na mwanga. Zinazunguka kutwa nzima, wala hazigusi ukuta wa bomba.

Chacha aliacha kutafuna, na habari ikafika Genkuru kabla yangu.

Miaka ile ya dhahabu, uongo ulikuwa mwingi Genkuru kuliko mawe. Kila aliyepita kwenye boma la baba yake Bhoke, Mzee Nyamhanga, alikuwa na shimo ambalo lingeanza kutema dhahabu wiki ijayo. Mmoja alimshawishi atoe beberu wa kuwapa nguvu wachimbaji, akaahidi kurudi na dhahabu. Mpaka leo yuko njiani. Kwa hiyo mzee alipoambiwa kwamba mkwe mtarajiwa anawafundisha watoto wa watu habari za vitu visivyoonekana vinavyokimbia bila kufika, alisema njia ya mwongo ni fupi, akatuma neno. Kabla ng'ombe wa mahari hawajatajwa, Mwita, ndiye mimi, aje mwenyewe aeleze maneno yake. Akishindwa, akaoe kwingine.

Nilimpenda Bhoke, na sitaki kulipamba hilo. Siku nilipopata ujumbe ule, chai ilinishinda.

Alhamisi alfajiri niliondoka Machochwe kwa baiskeli. Tembo walikuwa wametoka hifadhini wakapitia shamba la jirani yangu, na jirani alikuwa bado anawatukana ingawa walikwishaondoka. Darasa nililiachia kazi ya kufanya. Halikuwa kubwa, wengi walikuwa wamekwenda kuchimba, na waliobaki walibaki kwa sababu mama zao walikuwa wakali. Mfukoni nilibeba ushahidi wangu wote: sumaku nene niliyoing'oa kwenye spika mbovu, na gololi ya chuma ya baiskeli.

Mpango wangu ulikuwa mwepesi. Ningeibingirisha gololi mbele ya mzee, ningeisogeza sumaku, gololi ingepinda njia, na mzee angeona kwamba sumaku yaweza kumgeuza mwenda mbio bila kumgusa. Kwenye mashine zile sumaku zimepangwa kulifuata bomba lote, kila moja ikiipinda njia ya chembe kidogo tu, na vidogo hivyo vikijumlishwa duara linakamilika. Nilijizoeza hotuba hiyo kwa sauti nikiwa juu ya baiskeli. Mama mmoja aliyekuwa akipalilia aliegemea jembe akanitazama mpaka nikapotea kwenye kona.

Mchana niliingia Nyansurura, nyumbani kwa baba mdogo Marwa. Yeye ndiye aliyekuwa msemaji wangu, maana kwetu mwanamume hajisemei ukweni. Marwa ni mchungaji wa ng'ombe, na fimbo yake haimtoki mkononi hata akiwa anakula. Nilimpa hotuba yote. Aliisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake, kisha akauliza kama chembe hizo zinapendana. Nikasema hapana, zenye chaji ya aina moja husukumana, na hata zikiingia bombani hazielekei sawasawa zote. Akasema basi hotuba yangu ni nusu, kwa sababu kundi ukiligeuza tu bila kulibana litatawanyika kabla hujafika kona ya pili.

Alisema kweli. Nusu ya pili niliijua, nilikuwa nimeisahau kwa hofu ya ukweni.

Jioni tuliwapeleka ng'ombe mtoni, na njia ya huko inapita kati ya mashamba ya mahindi na mihogo ya majirani wasio na subira. Marwa aliniweka ubavu mmoja wa kundi, yeye akakaa ubavu mwingine, tukabana. Kundi likawa jembamba, lakini likarefuka, wa mbele wakaanza kutoroka. Akakimbia kuwazuia mbele nami nikawahi nyuma. Sasa likafupika, likavimba mbavu, pembe zikaelekea kwenye mahindi. Tukarudi ubavuni. Tukarudi mbele na nyuma. Kila tulipotengeneza upande mmoja tuliharibu mwingine kidogo, lakini kwa kubadilishana zamu kundi lilikwenda bila kula jani la mtu.

Nilisimama katikati ya njia kwa furaha. Ndivyo mashine zile zinavyofanya, isipokuwa kwao si mbele na nyuma, ni juu na chini. Kati ya sumaku za kupinda huwekwa nyingine zenye ncha nne. Moja huzibana chembe kushoto na kulia, na kwa ubaya wake huziachia zifumuke juu na chini. Inayofuata imegeuzwa, hivyo hubana juu na chini na kuachia pembeni. Zikipangwa kwa zamu, msafara mzima wa chembe hubaki mwembamba kama uzi. Wakati namweleza Marwa hayo, ng'ombe mmoja aliingia kwenye mahindi, na mwenye shamba akatueleza mambo mengine.

Ijumaa asubuhi niliiacha baiskeli Nyansurura, tukapanda lori lililobeba magogo ya kuegemezea kuta za mashimo ya wachimbaji. Kufika Mto Mara injini ilichemka, dereva akasema tusubiri ipoe. Kando ya maji walikuwapo watu wanaosafisha mchanga wa dhahabu kwenye makarai. Nikaona ni nafasi ya kufanyia jaribio ushahidi wangu. Nilitafuta jiwe bapa, nikaibingirisha gololi, nikaisogeza sumaku. Gololi ilipinda njia vizuri kabisa, ikaenda moja kwa moja kwenye sumaku, ikanata hapo.

"Mura," baba mdogo alisema, akiniita kijana kwa Kikurya, "hawa wako wasiofika wamefika."

Nilimweleza, kwa hasira kidogo, kwamba gololi ni chuma, na chuma huvutwa na sumaku. Chembe yenye chaji haivutwi. Inasukumwa pembeni ya mwendo wake, tena kwa sababu inakwenda. Ikisimama, sumaku haina habari nayo. Marwa alitafakari, akasema kwamba katika hali hiyo nimebeba shahidi wa upande wa pili. Mama mmoja aliyekuwa na karai jirani yetu alikuwa amekwishaiona sumaku. Aliomba aijaribu. Aliipitisha juu ya mchanga wake uliobaki, ikazoa ule mweusi wote, chini vikabaki vipunje vya manjano ambavyo sumaku haikuvijali. Alifurahi, Marwa naye akafurahi kwa sababu yeye hufurahi na yeyote, na kabla sijafungua mdomo akamwambia aichukue moja kwa moja. Mama yule akatupa mihogo ya kuchoma. Hivyo nilivuka daraja tumbo likiwa limejaa na mfuko ukiwa mtupu, nikanuna mpaka Genkuru.

Saa sita mchana tulishuka. Genkuru ya miaka ile ilikuwa na mahindi na dhahabu kwenye kilima kimoja, na kila kitu kilikuwa na rangi ya vumbi la mawe. Karasha za kusaga mawe zilinguruma. Vijana kutoka upande wa Kenya walikuwa wakiuza viatu na kuitana "boss" kama majina yao yameisha. Mwanamume mmoja aliyenijua kwa dakika moja aliniahidi sehemu ya shimo lake, na hapo nikamwelewa Mzee Nyamhanga.

Boma lake lilikuwa kama maboma yetu mengi: zizi la ng'ombe katikati, nyumba zimelizunguka, na kati ya nyumba na zizi kuna njia inayokwenda mpaka ikajirudia. Mlango wa boma ni mmoja. Upande wa pili wa zizi, mkabala na mlango huo, mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya nyumba ya mkewe. Tulimsalimu shikamoo. Aliitikia marahaba, akanitazama kuanzia viatu kwenda juu, na alipofika usoni hakuonekana kufurahia alichokikuta. Bhoke alikuwa kando ya ghala na ndoo ya maji. Alinitupia jicho moja tu. Lilinitosha, ingawa lilikuwa na wasiwasi mwingi.

Hapa lazima nieleze jambo moja. Kwetu Wakurya, mwanamume na mama wa mkewe hawakutani. Hawatazamani, hawashikani mikono, hawapishani kwenye njia nyembamba. Heshima hiyo tunaiita ensoni, na kuivunja si utani. Bhoke alikuwa amepanga vizuri: mama yake angekwenda sokoni kuuza unga na kurudi jioni, nikiwa nimeshaondoka. Lakini alipofika njiani, king'ora cha mgodi mkubwa kililia. Walikuwa wanakaribia kulipua mwamba, njia ikafungwa, naye akaamua kurudi nyumbani na kikapu chake kichwani.

Marwa alikuwa ndiyo kwanza ameanza hotuba, akianzia kwa babu wa babu yangu, nami sijaketi. Mama akaingia mlangoni. Aliniona, nami nikamwona kwa pembe ya jicho. Akavuta kanga akajifunika uso, akashika njia ya zizi kwa mkono wa kulia ili anikwepe. Kutoka nje sikuweza, mlango ulikuwa upande wake. Nikashika njia nami kwa mkono wangu wa kulia, ili tuzunguke upande mmoja na zizi libaki kati yetu. Nilidhani ataingia nyumbani kwake nami nitasimama. Lakini alipofika mlangoni kwake alikuta wageni wanaume wameketi, na kanga ilikuwa machoni, akapitiliza. Basi nami, niliyekuwa nimefika mlango wa boma, nikaendelea, maana kutoka nje wakati ule kungekuwa kuyakimbia maneno yangu.

"Mwalimu," Mzee Nyamhanga aliniuliza nilipopita mbele yake, "unakwenda wapi?"

Nilikuwa nimepita tayari, nikabaki na jibu mdomoni. Chacha na mdogo wake, kwa kuokoa heshima ya nyumba, walisimama mmoja upande huu na mwingine upande ule wa zizi, wakininyooshea mikono nielekee huku, sasa huku, nisije nikaparamia ua wa miiba. Bhoke aliweka ndoo chini akaanza kufukuza kuku na kuondoa vigoda njiani. Nilipomfikia Marwa, mwendo wangu ulikuwa umeanza kulegea, naye kwa mazoea ya maisha yake yote akanichapa fimbo ya matakoni. Nikaongeza mwendo. Na hapo, katikati ya aibu ile, nikatambua nilipo. Nilikuwa ndani ya mashine.

"Mzee, chembe ndiyo mimi," nilisema nilipopita tena.

Mzee alisogeza kigoda mbele. Somo langu lilikwenda hivyo, kipande kimoja kila nilipompita. Nilimwambia kwamba wanawe wawili ndio sumaku za kupinda: hawaniongezei mbio hata chembe, wananigeuza tu. Nilipozunguka nikarudi alikuwa na swali tayari, kwamba mbio nazitoa wapi, na sikuhitaji kujibu, kwa sababu Marwa alinichapa mbele ya macho yake. Nikamwambia huo ndio msukumo wa umeme, uko mahali pamoja kwenye duara, na kila mzunguko chembe hupewa kidogo. Mzee akataka kujua kwa nini zichapwe kila mara ikiwa tayari zina mbio. Nilikuwa nikitiririka jasho. Nilimwambia chembe nazo hutoa jasho, ila lao ni mwanga: kila zinapopindwa hutoa mwanga na kupoteza nguvu, na msukumo ni wa kurudisha kilichopotea. Aliyepungukiwa sana hupata zaidi, aliyezidisha hupata kidogo, ndiyo maana hawaachani.

"Ng'ombe wavivu nao nawachapa zaidi," mzee alisema. Mara hii hakuwa akiniuliza.

Kuku mmoja alimponyoka Bhoke akanipitia miguuni, nikayumba, miiba ikashika shati langu. Nilipozunguka tena nilimwambia mzee ndiyo sababu bomba hufyonzwa hewa yote wanayoweza kuifyonza, kwa kuwa hata hewa kwa chembe ni kuku njiani. Akamwamuru Bhoke awafungie kuku wote. Nilimwona Bhoke akicheka huku ameficha mdomo kwa kiganja, na kwa kweli mapafu yangu yalikuwa yanaungua lakini nilikuwa na furaha kubwa.

Ile nusu ya pili, ya ng'ombe na zamu za kubana, niliimalizia kwa mizunguko miwili, na hiyo mzee aliielewa kabla sijaimaliza. Alimweleza Marwa mwenyewe, tena vizuri kuliko mimi. Kisha, nilipokaribia, akauliza swali ambalo mtu yeyote mwenye akili lazima aliulize. "Wanazungushwa ili iweje?"

"Mashine nyingine ni kwa ajili ya huo mwanga wao," nilisema nikihema. "Na nyingine, mzee, kundi moja huzungushwa hivi, jingine vile, wakutane. Wagongane, watu waone kinachotoka."

Upande wa pili wa zizi, mama alikuwa amechoka. Kikapu kilikuwa kizito, hatua zake zilipungua, nami kwa fimbo ya Marwa nilikuwa nikimkaribia kwa nyuma. Marwa aliliona hilo. Mchungaji akiona ng'ombe anataka kumpanda mwenzake mgongoni humrudisha alikotoka, na kwenye njia iliyonyooka huo ni ushauri mzuri.

"Mura, geuka," aliita.

Nikageuka. Hakuna aliyekumbuka, wala mimi mwalimu wa fizikia, kwamba anayegeuka kwenye duara anamwendea uso kwa uso yule anayemkimbia. Tulikutana kando ya ghala, yeye na kanga machoni, mimi na jasho machoni. Kikapu kiliruka. Unga wa mtama na muhogo ulipaa juu, ukatushukia wote wawili, tukaketi chini weupe pe, tunatazamana. Mgodi nao ukachagua wakati huo kulipua mwamba wake, ardhi ikatetemeka kidogo, kuku wakapiga kelele ndani walikofungiwa.

Mama aliinuka akaingia nyumbani kwake, wanaume wakimpisha. Marwa alikuwa ameishika fimbo kama mtu asiyejua imefikaje mkononi mwake. Bhoke hakuwa anacheka tena. Nilibaki chini kwenye unga nikijua kwamba nimeshinda hoja na nimempoteza mke. Chozi lilinitoka, likachora mfereji kwenye unga wa shavuni, na kila mtu akauona.

Ndipo sauti ikatoka ndani ya nyumba, nyuma ya mlango uliorudishwa. "Baba Chacha, mwambie huyo mtu alete kondoo. Amenivunjia ensoni."

Mzee aligeuza shingo taratibu. "Amekuvunjia kama nani?"

"Kama mkwe," mama alisema. "Angekuwa mpita njia ningemchapa na mwiko."

Mzee Nyamhanga aliutazama mlango ule kwa muda, kisha akanitazama mimi, kuanzia unga wa nywele kwenda chini. Akasema njia ya mwongo ni fupi, lakini ya huyu ameisubiri iishe na haikuisha. Akamwambia Marwa aachane na babu wa babu, aanze kutaja ng'ombe. Bhoke aliniletea maji ya kunawa. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama hicho ndicho kinachotoka wakigongana. Nilimwambia kwenye mashine hutoka vitu ambavyo havikuwapo kabla, na hapa ametoka mkwe.

Hesabu ya ng'ombe ilichukua Jumamosi nzima, na Jumapili asubuhi tulianza safari ya kurudi. Mlangoni kwa boma nilikuta kifuko cha unga kimewekwa katikati ya njia, mahali ambapo mguu wangu lazima ungefika, na hapakuwa na mtu karibu. Upande wa pili wa zizi niliona ncha ya kanga ikitoweka nyuma ya ghala. Nilikichukua. Tulipofika Mto Mara nilimtafuta yule mama wa karai nimsimulie, lakini alikuwa amehamia kwenye mchanga mwingine, na sumaku yangu pamoja naye. Sikuinunia tena.

Nilichojifunza Genkuru nawafundisha watoto wa Machochwe kwa kuwakimbiza kuizunguka nguzo ya bendera, na baadhi ya waliokwenda kuchimba walirudi, angalau siku za somo hilo. Lakini kuna jambo moja siwafundishi, kwa sababu ni la nyumbani. Tangu siku ile mama na mimi hatujawahi kuonana uso kwa uso. Kila niendapo ukweni husimama nje ya boma, nikamtanguliza Bhoke aangalie mama anazungukia upande gani. Akishaniambia, naingia, nashika njia ya upande huohuo.